Thelathini na Sita Hapandi Mlima

Juzi mume wangu alileta nyumbani betri ya sola iliyotumika, akaitua barazani, akaingia ndani kutafuta kitambaa cha kuifutia. Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Harufu ilinifikia kabla yake: uchachu mkali unaokwaruza koo, kama ndimu iliyokamuliwa juu ya msumari wenye kutu. Nikaweka ungo chini, nikatoka uani, nikasimama pale bila kujua nimefuata nini. Mume wangu akauliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni harufu ya tindikali tu. Sikuweza kumweleza zaidi, maana mambo ya mwaka ule hata mimi sijawahi kuyapanga yakakaa sawa. Nayakumbuka kama nilivyoyaona wakati ule: nusunusu, na mengi kinyume.

Tuliishi Shelui, nyuma ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika kabla ya kuendelea Nzega. Baba alikuwa na banda la kuziba pancha na kuuza tairi za malori. Mama alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule niliyosoma, shule iliyojengwa juu ya kilima cha mawe. Kila asubuhi tulikipanda pamoja, yeye mbele kwa hatua ndefu, mimi nyuma nikihema, na njia nzima akinitupia maswali. Hakukuwa na kitu ambacho mama hakukigeuza hesabu. Mbuzi wa jirani, ndoo za maji, hata umri wetu.

"Mimi nina thelathini na sita, wewe tisa. Mimi ni mara ngapi yako?"

"Mara nne."

"Haya, twende, kengele itatukuta njiani."

Ndivyo nilivyoujua umri wa mama. Nikaubeba kichwani kama jina lake la pili.

Kisha siku moja ya gulio mama alipanda bodaboda kurudi nyumbani, na pale maegeshoni lori likarudi nyuma bila dereva kuangalia, likaigonga pikipiki. Mama akapelekwa Singida mjini, na kutoka huko akapelekwa Dodoma. Haya niliyaokota kipande kipande. Nilichoambiwa waziwazi na Shangazi, dada yake baba aliyekuja kukaa nasi, kilikuwa kifupi: "Mama yako ameumia mguu. Anatibiwa. Atarudi." Mguu gani, umeumiaje, atarudi lini, hayo yalikuwa ya wakubwa. Nikitokea mlangoni wakati baba na Shangazi wanaongea, walihamia Kinyiramba, kile cha haraka cha watu wazima. Mimi nilikijua kidogo, kwa sababu mama alikulia mjini na aliongea nami Kiswahili. Nilishika neno hapa, neno pale. Mguu. Daktari. Mtoto asijue. Mtoto alikuwa mimi, hilo nililielewa.

Baba alienda Dodoma mara chache, akirudi alikwenda kukaa bandani kwake mpaka chakula kikapoa. Halafu alasiri moja alirudi akiwa juu ya lori la Fuso, na nyuma ya Fuso kulikuwa na kigari.

Hakuna aliyekuwa amewahi kuona kitu kama kile mtaani kwetu. Hakikuwa na milango. Kilikuwa na paa la plastiki, viti viwili mbele, na kiti kingine nyuma kilichotazama upande wa pili, utadhani abiria wa nyuma amegombana na dereva. Baba alikuwa amekinunua kwenye mnada, walipouza vitu vya kambi ya mgodi iliyofungwa. Alisema Wazungu hukitumia kwenye viwanja vya gofu, na kule kambini wakubwa walikitumia kutoka vyumbani mwao kwenda kula. Watoto wenzangu hawakujali habari za gofu. Walikiita bajaji bubu, kwa sababu kilitembea bila kunguruma, kikikusogelea nyuma kama paka.

Hakuna aliyeniambia ni cha nini. Baba alikiendesha barabarani kuzunguka banda mara moja, mara mbili, akakielekeza kwenye njia ya shule. Sisi watoto tukakimbia nyuma. Kilianza vizuri. Kwenye mawe ya kwanza kikapunguza mwendo. Katikati ya mlima kikawa kinasogea polepole kiasi kwamba tulikipita kwa kutembea, kisha kikasimama, na baba akiwa amekanyaga mpaka mwisho kikaanza kurudi nyuma. Watoto wakapiga mayowe. Nikachukua jiwe nikalisukuma chini ya tairi. Baba alibaki ameshika usukani, jasho likimtoka, akiutazama mlima uliobaki mbele yake. Sikuwahi kumwona baba akiutazama mlima vile. Alikuwa mtu mwenye miguu yake miwili na angeweza kushuka akaenda.

Ndipo akaitwa Fundi Mrisho, fundi umeme wa malori. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia moja niliyokuja kuielewa baadaye sana: kila chombo alikiita huyu. Lori lilikuwa huyu, dinamo ilikuwa huyu, redio iliyokufa alisema "huyu tumempoteza." Walikaa yeye na baba bandani, na mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mabati, napeta alizeti na Shangazi. Shangazi aliinuka kwenda kufukuza kuku. Nikabaki peke yangu, na sauti zikapenya kwenye matundu ya misumari.

"Tusidanganyane," Fundi Mrisho alisema. "Huyu wa thelathini na sita hapandi ule mlima tena. Amechoka."

"Kwa hiyo tufanyeje?" Hiyo ilikuwa sauti ya baba.

"Tumtoe. Tuweke arobaini na nane. Nguvu utaiona mwenyewe."

"Na hatadhurika?"

"Moyo wake mzima, nimeupima. Ila ubongo hautastahimili. Ubongo nao tubadilishe, la sivyo ataungua siku ya kwanza."

Baba akasema, "Sawa. Lakini mke wangu asisikie lolote. Nataka akute jambo limeshakwisha."

"Na mguu mmoja unatosha kabisa," Fundi akaongeza. "Hapo usiwe na wasiwasi."

Alizeti zilinimwagikia miguuni. Nilizitazama tu. Wa thelathini na sita alikuwa mama. Hapandi mlima tena, mlima wetu. Atolewe, awekwe mwingine wa arobaini na nane. Maneno ya moyo na ubongo sikuyapatia mahali, lakini yalinitisha kuliko mengine, kwa sababu nilidhani ndivyo wanavyofanya Dodoma. Na kwa nini mtu achukue mke aliyezeeka zaidi kwa sababu ya nguvu? Nilijaribu kuipiga hesabu ile kama mama alivyonifundisha, nikitoa, nikijumlisha, haikuja.

Shangazi aliporudi nikamuuliza, "Shangazi, una miaka mingapi?"

"Mimi? Nani alinihesabia? Arobaini na kitu."

"Na nane?"

"Huenda. Kwa nini?"

Nilimwangalia akiokota alizeti kwa mikono yake mipana, yenye nguvu. Nilijua kabisa kwamba dada haolewi na kaka yake, lakini kuanzia siku ile uji wake haukunishuka vizuri.

Siku chache baadaye mama alipiga simu, na baba alikuwa gereji ya jirani, simu ameiacha mezani. Nikaipokea mimi. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama inatoka chini ya blanketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unasoma?"

"Nasoma. Unarudi lini?"

"Nikizoea."

"Ukizoea nini?"

Nilisikia kitoroli kikipita alikokuwa, vyombo vya bati vikigongana. Nikaona nisipomwambia wakati ule sitamwambia tena.

"Mama, rudi haraka. Baba anakutoa."

"Ananitoa wapi?"

"Amesema thelathini na sita hapandi mlima tena, amechoka. Anaweka mwingine wa arobaini na nane. Na amesema wewe usisikie, ukute limeshakwisha."

Nikaitoa simu sikioni kuona kama imekatika. Haikuwa imekatika.

"Baba yako ndiye aliyesema hapandi mlima?"

"Fundi ndiye alisema. Baba akasema sawa."

"Nimesikia," mama alisema. Akakata yeye.

Baada ya hapo mama hakupokea simu za baba. Niliwaona baba na Shangazi wakipeana simu, wakijaribu mmoja baada ya mwingine, na sikuunganisha jambo hilo na mimi hata kidogo. Nilidhani Dodoma hakuna mtandao.

Kazi ya kigari nayo ikaendelea. Fundi Mrisho aliinua kiti cha mbele, na chini yake kulikuwa na betri sita kuukuu, vichwa vyake vimeota ukungu mweupe wenye ukijani. Ndiyo harufu ile. Walizitoa moja baada ya nyingine, wakaziweka uani, na pale zilipodondosha maji ardhi ilitoa povu. Badala yake wakaingiza betri nne za sola, kubwa, mpya. Wakafungua kasha dogo lenye nyaya nyingi, wakaliondoa, wakafunga jingine lililoletwa na basi kutoka Dar es Salaam. Chaja pia wakaibadilisha.

"Fundi," nilimwambia, "mmetoa sita mkaweka nne. Mbona baba anasema mmeongeza?"

Alicheka mpaka bisibisi ikamwanguka. "Mama yako si mwalimu wa hesabu? Akija atakueleza vizuri kuliko mimi."

Akija. Nilimtazama usoni kuona kama anadanganya.

Jioni ile ile baba alipanda nacho mlima. Kigari kiliruka kama kimechomwa sindano, kikapita mawe ya kwanza, kikapita pale nilipoweka jiwe siku ile, kikafika juu na kutokomea. Watu walipiga makofi. Baba aliposhuka nacho alikuwa anacheka kwa sauti, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu lori lile. Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa na hasira naye kwa kucheka, ilhali yule wa arobaini na nane alikuwa njiani.

Habari zilizokuja siku iliyofuata zilimfuta kicheko. Mjomba, kaka yake mama anayeishi Unyambwa, nje kidogo ya Singida mjini, alimpigia baba. Mama alikuwa ameruhusiwa hospitalini. Alikuwa ameshukia Singida, yuko kwake, na hakuwa na mpango wa kuja Shelui.

"Kwa nini?" baba aliuliza. Sikusikia jibu, ila nilimwona akinigeukia polepole, simu bado sikioni.

"Mama ulimwambia nini kwenye simu?"

Nikamwambia, neno kwa neno. Nilikuwa tayari kupigwa.

"Nani arobaini na nane?"

"Huyo mnayemleta na Fundi."

Baba akanitazama. Akakitazama kigari kilichokuwa uani kimefunikwa turubai. Kisha akakaa juu ya tairi la lori na kushika kichwa kwa mikono miwili. "Ni betri, mwanangu," alisema. "Ni betri tu."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Betri zina umri? Na kama ni betri, kwa nini analia? Maana alikuwa analia, bila sauti.

Siku hiyo hiyo kigari kilipakiwa kwenye Fuso. Fundi Mrisho akapanda nyuma kukishikilia, baba na mimi tukakaa mbele na dereva, na mpaka Singida hakuna aliyesema neno isipokuwa dereva, ambaye aliongea juu ya bei ya vitunguu njia nzima.

Mjomba alitupokea getini bila tabasamu. Baba akamwamkia, "Shikamoo kaka." Mjomba akaitikia marahaba kwa shida, kisha akanielekeza mimi tu. "Mama yako yuko ndani. Wewe ingia."

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, kitenge kimemfunika kuanzia kiunoni. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia, akanivuta, akaninusa kichwani muda mrefu. Alinuka dawa. Nilipotazama chini niliona ndala yake moja, ya kulia, iko na mguu ndani yake. Ya kushoto haikuwepo. Nikapiga magoti nikachungulia chini ya kochi.

"Unatafuta nini?"

"Ndala yako nyingine."

Alikiinua kitenge kidogo, upande wa kushoto, akanionyesha. Palipotakiwa kuwa na mguu chini ya goti palikuwa na bandeji nyeupe, safi, iliyofungwa kama mzigo mdogo. Akakirudisha. Mimi nikaendelea kupiga magoti pale pale. Nakumbuka niliwaza kitu cha ajabu, kwamba basi ndala haikuwa imepotea, na hilo lilinipa nafuu kwa muda, kama mtu aliyepata jibu la swali dogo.

"Huyo mwanamke anaitwa nani?" mama akauliza.

"Sijui. Fundi ndiye anayemfahamu."

"Yuko nyumbani?"

"Baba anasema ni betri."

Mama alikunja uso. Na pale mlangoni, bila mlio wowote, kikatokea kigari. Walikuwa wamekishusha kwenye tuta kwa mbao, na baba alikileta mpaka kwenye baraza. Fundi Mrisho akaingia kwanza, kofia mkononi. "Shikamoo mwalimu. Tumekuletea huyu." Akatoka, akainua kiti cha mbele. Mama alijivuta kwa magongo mpaka kizingitini. Alizitazama betri, midomo ikichezacheza.

"Volti ngapi kila moja?"

"Kumi na mbili, mwalimu."

"Mara nne. Arobaini na nane." Akavuta pumzi. "Na mwanzo?"

"Sita za volti sita. Zilikuwa zimechoka, mlima ziliukataa. Mota yake nzima, huwa naiita moyo. Hili kasha ndilo ubongo, tumeweka linaloweza umeme mkubwa. Na klachi hakuna, ni mguu wa kulia tu, moto wa kwenda na breki."

Mama alianza kucheka. Mjomba naye akacheka bila kujua ni nini, na mimi nikacheka kwa sababu wamecheka. Kisha mama akanyamaza, akamgeukia baba aliyekuwa bado ameshika usukani.

"Wiki zote zile," alisema taratibu, "nilikuwa naangalia mlango wa wodi. Sikuwa nangoja betri."

"Nilikuwa natengeneza usafiri wako wa shule."

"Najua. Naona." Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Mlikaa wanaume wawili mkaamua kama napanda mlima. Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaamua."

Baba alishuka. Akasema, "Niliogopa kukaa pale kando ya kitanda chako. Chuma nakielewa." Mama hakumdai zaidi. Tulirudi wote Shelui jioni ile. Mama alikaa mbele kwenye Fuso, katikati ya baba na dereva. Kwenye kigari hakukanyaga.

Kilikaa uani majuma mengi. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Baba alikichaji kila Jumamosi bila kusema kitu, na mama alipita kando yake na magongo yake akienda bafuni kana kwamba ni jiwe. Mimi nilipanda mlima peke yangu kila asubuhi. Sikuelewa. Kitu kimetengenezwa, kina nguvu, hakuna mwanamke mwingine, mama yupo, baba yupo. Hesabu yote ilikuwa imekamilika, na nyumbani bado palikuwa kama pana mtu hajafika.

Halafu asubuhi moja, Jumatatu, nilimkuta mama amekaa kwenye usukani wa kigari, amevaa gauni lake la kazini. Alikuwa ameshaondoa mayai. Magongo alikuwa ameyalaza kando yake.

"Panda," aliniambia.

Nilipanda kile kiti cha nyuma, nikampa mgongo. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, na mama hakumwomba amsaidie, naye hakusogea. Kigari kiliruka, mama akapiga ukelele, nikashika bomba la paa kwa mikono yote miwili. Nikaiona Shelui ikishuka mbele yangu: mabati, malori, barabara, baba akizidi kuwa mdogo. Nyuma yangu sikujua mama yukoje usoni. Nilitaka kugeuka, niliogopa kuanguka. Hakunipa swali lolote.

Juu alisimamisha mbele ya darasa letu. Mlangoni kulikuwa na ngazi mbili ambazo hakuna aliyezifikiria, si baba wala Fundi. Mama alizitazama. Nilimsogelea nikampa bega, akatikisa kichwa.

"Ingia darasani. Kaa mahali pako."

Niliingia. Tulimsikia kabla ya kumwona, gongo, gongo, pumzi, kimya, gongo tena. Hakuna mtoto aliyecheka. Alipotokea mlangoni jasho lilikuwa limemlowesha kola, na tukasimama wote kama kawaida.

"Shikamoo mwalimu!"

Mimi nilichelewa. Mdomoni nilikuwa na neno jingine, mama, nikalimeza, nikasema shikamoo peke yangu, wengine wakiwa wameshamaliza. Akanitazama kama alivyowatazama wengine wote.

"Marahaba. Kaeni."

Tukakaa. Yeye akaegemeza gongo moja ukutani, akachukua chaki, akabaki amesimama.